Paa la Chumba cha Baba

3 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima, kama mzima ni yule anayeamka na kulalamika, na Baba analalamika vizuri sana siku hizi. Wewe je? Kifua kimepoa, au mvuke wa hicho kiwanda cha kufulia mashuka bado unakukohoza? Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea mara mbili. Anasema simu ni ya kuulizia bei ya nyanya. Mtoto aliyelelewa huandika barua. Kwa hiyo usichoke kuandika, maana mimi ndiye ninayenuniwa ukichelewa.

Sasa habari yenyewe. Mvua zilizoisha zimetuumbua. Chumba cha Baba kilikuwa na beseni la kufulia miguuni pa kitanda, sufuria kubwa karibu na dirisha, na ndoo moja ilikaa juu ya kabati kama mgeni asiyejua ashukie wapi. Kila wingu likitanda nilikuwa nasukuma kitanda, leo kona hii, kesho ile. Baba akasema anasafiri kuliko alivyosafiri alipokuwa na miguu. Wiki ya mwisho ya mvua ubao mmoja wa dari ulianguka juu ya kiti ninachokalia nikimnywesha uji. Nilikuwa nimeenda kuongeza sukari. Ndiyo maana barua hii unaandikiwa na mimi.

Nimemwita fundi wa vigae. Wamebaki wachache, wengi wamehamia kwenye mabati. Huyu wanamwita Fundi Kamba, kwa sababu hapandi hata stuli bila kujifunga kamba kiunoni. Alikaa juu asubuhi nzima. Aliposhuka akaniambia, "Vigae vya baba yenu vina afya kuliko nyinyi. Vinavyovibeba ndivyo vimekufa." Akanieleza taratibu. Kule juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, saruji imepasuka na maji yanaingia kama wageni wa harusi. Pale pande mbili za paa zinapokutana, palipo kama bonde, bati la chini limeliwa na kutu mpaka ukiligusa linamong'onyoka. Na fito, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae, zimeoza upande wa chumba cha Baba, ndiyo maana vigae vinateleza na kuacha mianya. Yule fundi wa zamani aliyepaka lami alikuwa anafunga kidonda bila kukiosha.

Anasema kuna njia mbili. Ama tuvue upande mmoja, tubadilishe fito, turudishe vigae, ndipo tuhamie upande mwingine. Hiyo itakula kiangazi chote. Ama tuvue paa lote kwa mara moja, tumalize haraka, lakini nyumba ikae uchi. Yeye anapenda njia ya kwanza.

Nimemwomba Baba nimhamishie sebuleni kazi ikianza. Unajua tangu Mama afariki katika chumba kile hataki kutoka. Amenijibu, "Sebule ni ya wageni. Mimi bado ni mwenyeji."

Niambie unaonaje.

Dada yako


21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na umfikishie Baba shikamoo yangu kwa sauti, mdomo karibu na sikio la kulia. Mimi ni mzima. Kifua kinakuja na kuondoka. Huku wamenihamishia kwenye mashine za kupigia pasi, kwa hiyo sasa nakauka badala ya kulowa. Chumba nilichopanga kiko chini ya ardhi, dirisha langu linaona viatu vya wapita njia. Juu yangu wamelala watu ghorofa baada ya ghorofa, na jengo hili sijawahi kuliona paa lake. Kwa hiyo unaponiandikia habari za paa letu naliona lote, kigae kwa kigae, kuliko ninavyoiona dari iliyo juu ya kichwa changu.

Dada, ubao ule ungekuangukia. Ungemwangukia Baba. Nimeshindwa kufanya kazi vizuri tangu nisome.

Tusizibezibe tena. Tangu nikiwa mtoto paa lile linazibwa. Leo kigae kimoja, kesho lami, keshokutwa beseni. Vueni lote. Fito zote mpya, bonde jipya, mgongo mpya, dari mpya. Au, ukiniuliza kweli, tutupe vigae tuweke mabati na tupumzike. Hilo la gharama niachie mimi, usilipe nafasi kichwani mwako.

Na usimuulize sana Baba. Mgonjwa ukimuuliza kama anataka sindano atakwambia yuko salama.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Tunakusalimu sote, pamoja na Mama Mapacha wa jirani, ambaye anauliza kama huko kweli kuna watu wanaoajiriwa kutembeza mbwa. Baba anaendelea vyema. Anakula nusu, anaacha nusu, halafu anaulizia ile nusu imeenda wapi.

Nilikosea, nikamsomea barua yako yote bila kuruka mstari wa mabati. Akasema, "Nimefanya kazi ya udongo maisha yangu yote, na nitazikwa kwenye udongo. Hapo katikati mnataka mnifunike debe?" Tukacheka mpaka akakohoa. Basi mabati yamekwisha, usiyataje tena.

Unajua tanuru la vigae alilofanyia kazi lilifungwa zamani. Vigae vipya vya dukani ni vyembamba, na mfereji wa pembeni haushikani na wa kwetu. Fundi Kamba alijaribu kimoja kikakaa kama meno ya bandia ya mtu mwingine. Nimezunguka wiki nzima kutafuta vya kufidia vilivyovunjika. Mwishowe nimepata kwenye ile shule ya zamani inayobomolewa karibu na kituo cha maji. Vimepangwa ukutani, vimeota kijani mgongoni, lakini ukivigonga vinalia vizuri. Baba alinifundisha: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinakohoa. Nilipomletea kimoja alikishika mapajani mchana kutwa kama anayemliwaza mtoto. Anasema kilitoka mikononi mwao, anakijua kwa pua yake, ile nundu ya nyuma inayoning'inia kwenye ufito.

Kuhusu kuvua lote. Nimezungumza na Fundi tena. Amesema, "Mama, mbingu haina mkataba na mtu." Angependa upande mmoja mmoja, aanze na wa chumba cha Baba, ili wakati wowote nusu ya nyumba iwe na kofia. Mimi pia nimelala na kuamka na jambo hili na ninaona hivyo hivyo. Najua unataka liishe. Lakini kiangazi ni kirefu, na sisi tupo hapa hapa.

Nijibu upesi ili aanze.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Leo naandika kwa kifupi, niko kwenye mapumziko ya chai.

Nimepewa likizo. Nakuja Novemba, mwezi mzima. Nimeshawaambia wote hapa kazini, hata wasiojua nyumbani kwetu ni wapi.

Kwa hiyo, tafadhali, livueni lote na mlimalize. Sitaki kuja nikute nusu ya paa na mafundi wanapanda na kushuka, na Baba anasukumwa huku na huku. Nataka niingie, nikae kwenye kile kiti, niangalie juu nisione doa. Nimewatumia cha kutosha kuongeza mafundi wawili na kununua turubai kubwa. Mwambie Fundi Kamba anunue lile zito la malori. Mvua haiji kabla ya mwisho wa Oktoba, haijawahi.

Wewe na Fundi mna hofu, na siwalaumu. Lakini hofu ndiyo iliyotufikisha kwenye mabeseni. Nisikilize mara hii moja.

Mdogo wako anayekuja


2 Septemba

Mdogo wangu anayekuja,

Salamu za furaha. Tangu tupate habari ya likizo yako Baba amenyolewa mara mbili, kama unafika kesho.

Tumefanya ulivyosema. Paa limevuliwa. Mafundi watatu walijipanga mstari, vigae vikashuka mkono kwa mkono mpaka uani, na mimi nikawa nagonga kimoja kimoja na kutenga vinavyokohoa. Kuna popo walihama bila kuaga. Chini ya vigae kulikuwa na vumbi la miaka mingi, na ndani yake tumeokota kijiko, mpira wako wa zamani, na ganda la yai ambalo hakuna anayejua lilifikaje. Dari ya chumba cha Baba nayo imetolewa yote, ilikuwa imeoza kama mkate uliolowa. Upande wa jikoni na sebule fito mpya zimeanza kupigiliwa, ili Baba apate pa kuhamia.

Nilimwomba tena ahamie sebuleni. Akakataa tena. Akasema huko nako hakuna paa, atakuwa amehama bure.

Na nikuambie, sijamwona hivi tangu Mama afariki. Analala chali anaangalia mbingu kupitia mbao. Turubai tunalifunga jioni, mchana tunalikunja kwa sababu anaomba tulikunje. Ndege wanapita, anawahesabu kwa sauti. Jua likimfikia usoni anafumba macho anatabasamu. Jana aliniita nikaacha sufuria motoni, nikadhani ameanguka. Kumbe alitaka nione wingu. Akaniambia, "Miaka yote nimetengeneza vigae vya kufunika watu, sikujua nawazuilia nini." Kisha akanisimulia habari za tanuru: jinsi walivyokuwa wakipika chai juu ya matofali ya moto, na jinsi Mama alivyopita na ndoo kichwani, yeye akaunguza kundi zima la vigae kwa kumtazama. Wewe ulikuwa unajua hiyo? Mimi sikuijua.

Anauliza kila asubuhi Novemba ni lini.

Turubai ni zito kweli. Fundi Kamba amelifunga kwa kamba zake mwenyewe, na kwa kamba tunamwamini.

Dada yako


5 Oktoba

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Ulipopiga simu kusema Baba amelowa na yuko hospitali, nilikuuliza, "Amelowaje?" Ukalia. Ulipopiga mara ya pili nilijua kutokana na jinsi ulivyoita jina langu. Waliniruhusu kazini siku moja. Nilikaa chumbani, viatu vikapita dirishani. Nauli ya haraka na karatasi za kuondoka havikuwezekana, unajua nilijaribu. Kwa hiyo mmemzika bila mimi. Binamu yetu alinipigia simu baadaye na kunieleza, kwa nia njema au mbaya sijui, kwamba siku ile wewe hukuwa nyumbani. Kwamba Baba alikuwa peke yake kitandani, mvua inampiga kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Nataka kujua. Kwa nini alikuwa bado katika chumba kile? Kwa nini hukumbeba kwa nguvu ukamweka kwa Mama Mapacha? Yeye ni mzee, alikuwa anakataa kila kitu, hata dawa alikataa na bado ulimnywesha. Ulikuwa wapi?

Nijibu, hata kama ni kwa mistari miwili.

Mdogo wako


16 Oktoba

Mdogo wangu,

Pole. Pole tena. Nimekuambia kwenye simu lakini kwenye karatasi sijakuambia. Natumaini unakula.

Umeuliza, nakujibu. Kuhama alikataa mpaka siku ile. Ilikuwa alasiri, jua kali, hata kivuli cha wingu hakikuwepo. Wale waliokuwa wakibomoa shule walituma neno kwamba vigae vya mgongo vilivyobaki vinachukuliwa na mtu mwingine siku ile ile, na bila vile tusingefunga juu. Nilikwenda na Fundi Kamba tukavichague. Mafundi wengine walikuwa wameenda kula. Turubai lilikuwa limefungwa. Nililikagua mwenyewe kabla ya kuondoka, na Baba alinung'unika kwamba namfunika mchana. Mama Mapacha alikaa naye, akimenya viazi. Hakuwa peke yake. Binamu anasema asichokijua.

Tulikuwa tunapakia tulipoona vumbi linasimama upande wa nyumbani. Upepo ulitangulia, mvua ikafuata nyuma yake bila kupumua. Tulirudi tukikimbia, vigae tukaviacha barabarani. Fundi Kamba anakimbia kama mtu aliyebeba mtungi, lakini siku ile alinipita.

Kamba hazikukatika. Turubai lenyewe lilipasuka katikati, na upepo ukaingia chini yake ukaliinua lote. Maji yalimwagika chumbani kama yaliyotoka kwenye pipa. Mama Mapacha alijaribu kumwinua akashindwa, Baba alikuwa mzito wa mifupa. Akasukuma kitanda, miguu ya kitanda ikanasa kwenye mbao za dari mpya zilizowekwa sakafuni. Basi akapanda kitandani akamlalia juu, amfunike kwa mgongo wake. Tuliwakuta hivyo. Alikuwa anamwambia, "Mzee, inapita, inapita," na Baba anamjibu, "Naisikia."

Tulimkausha, tukamfunga mablanketi, akanywa chai. Alisema si mbaya. Kesho yake alianza kutetemeka. Hospitali walisema mapafu. Walijitahidi. Siku ya mwisho aliniuliza kama vigae vya mgongo tumevipata, nikamwambia ndiyo. Sikumwambia kweli, vilikuwa vimeshachukuliwa.

Sikuandikii haya ili kujitetea. Umeuliza, na una haki ya kujua.

Upande wa sebule umekwisha. Chumba chake bado kiko wazi, nimefunga mlango. Watu wa msibani walikaa sebuleni wakiangalia ule mlango. Mvua zenyewe zinakaribia. Mimi sina nguvu ya kuamua. Niambie tumalize vipi.

Je, Novemba unakuja?

Dada yako


1 Novemba

Dada,

Nimepata barua yako.

Likizo nimeirudisha. Nikija nitakuja kumwona nani? Kuhusu chumba, weka mabati, au kiache kilivyo, au kibomoe. Mimi nilikuwa mbali, sina la kusema. Wewe ndiye uliyekuwa pale.

Mdogo wako


20 Novemba

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Sitakuuliza hali yako leo kwa sababu nina hasira, na sipendi kuuliza jambo ambalo sitasubiri jibu lake.

Umeandika, "Wewe ndiye uliyekuwa pale." Ndiyo. Nilikuwa pale. Nimekuwa pale tangu ulipoondoka na begi lako la bluu. Nilikuwa pale Mama alipougua, nilikuwa pale miguu ya Baba ilipogoma, nilikuwa pale kusukuma kitanda na kumwaga mabeseni. Nawe unaandika kana kwamba kuwa pale ndilo kosa.

Basi nisikilize mara hii moja, kama ulivyoniomba mimi. Tulikuambia. Fundi alisema upande mmoja mmoja, nami nikakuandikia hivyo kwa mkono huu. Tungeanza na chumba chake. Agosti haijaisha kingekuwa kimefunikwa. Wewe ukasema livueni lote. Neno hili sikulisema kwenye simu, sikulisema makaburini, sikumwambia binamu aliponihoji mbele ya watu. Nilikuwa nimekusudia kuzeeka nalo. Umelitoa mdomoni mwangu kwa mstari mmoja.

Na ili usidhani najifuta mikono: ningeweza kukataa. Wewe uko ng'ambo, ungenifanya nini? Fundi alinitazama akasema, "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba, sema." Nikasema tuvue. Nilisema hivyo kwa sababu uliandika unakuja. Nilitaka uikute nyumba jinsi ulivyoiota. Nilitaka ukae kwenye kile kiti uangalie juu. Kwa hiyo uzito huu ni wetu wawili, nami upande wangu naubeba. Lakini wako usinitwike.

Habari ya paa ni hii. Sikukusubiri. Barua yako ilipofika Fundi Kamba alikuwa amekwisha kuja bila kuitwa, na ngazi yake begani. Nikamwambia tuko msibani. Akasema, "Mimi pia. Lakini paa lililo wazi halijui msiba." Tukafanya kazi sisi wawili, wale wengine aliwaachisha. Mimi nilipanda. Alinifunga kamba kiunoni, akanifundisha kupachika pua ya kigae kwenye ufito, kusukuma mfereji ndani ya mfereji mpaka usikie kimekaa. Tulianza chini kwenda juu, kila kigae kikilala juu ya mgongo wa mwenzake. Bati la bonde ni jipya, limekunjwa kingo ili maji yasirudi nyuma. Vigae vya mgongo tulivipata kwa yule mtu aliyevichukua siku ile; alisikia habari ya Baba akavileta mwenyewe kwa mkokoteni, akavishusha, akaondoka bila kunywa hata maji. Fundi alivipanga juu ya saruji mbichi, akapitisha kidole kwenye kila kiungo kama anayefunga kope.

Hakuna kilichozungumzwa siku nyingi ila "lete" na "shika." Kuna wakati alikaa juu ya mgongo wa paa akavua kofia, nikajua analia, nikajifanya natafuta nyundo. Mvua ziliingia siku mbili baada ya kumaliza.

Sina la zaidi.

Dada yako


26 Machi

Mdogo wangu,

Hujajibu, nami sikutegemea ujibu upesi. Natumaini hii inakukuta ukiwa na afya. Leo nakuuliza, na jibu nitalisubiri: kifua chako vipi? Mashine za pasi bado ni zile zile?

Mimi nipo. Mama Mapacha amepona mgongo, maana siku ile aliuumiza vibaya na hakutaka kusema. Fundi Kamba hupita siku mojamoja, husimama barabarani, huangalia juu, hupunga mkono, huenda zake.

Hasira zilinipungua mwezi wa kwanza, nikaja kukumbuka jambo. Ile barua yako ya kusema livueni lote, nilimsomea Baba. Mimi nilikuwa nimekasirika kidogo, nikamwambia, "Mwanao anatuamuru kutoka kwenye mashuka." Akasema, "Mfanyie anavyotaka. Mtu akiwa mbali hutamani afanye jambo moja kubwa, madogo hayamfikii." Sikuandikii haya ili yakupunguzie, wala yakuongezee. Ni maneno yake juu yako, hayafai kubaki kwangu.

Chumba nimekifungua. Nimepaka chokaa, nimeweka dari ya mbao, kitanda nimempa Mama Mapacha. Mvua za mwaka huu zimekuwa kubwa, barabara ilikatika pale bondeni, majirani wamehamishiana magodoro. Mimi nilikuwa naingia chumbani kila inapoanza, nakaa kwenye kiti, nangoja. Hakuna kitu. Hata tone. Ukutani hakuna doa, kwenye bonde hakuna unyevu. Unajua vigae havipigi kelele kama mabati. Mvua inasikika kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Nilizoea kuamka nikikimbilia mabeseni. Sasa naamka, nakaa, narudi kulala, mikono haina kazi.

Na ndipo nimeona kwamba sina cha kukuandikia. Barua zetu zote zilikuwa za paa. Paa likiwa zima halina habari. Nimekaa hapa mezani tangu asubuhi nikitafuta la kukuambia ambalo si paa wala Baba, sikulipata.

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo. Usiniandikie kuhusu msamaha, sina nguvu ya kuupima, na sidhani wewe unazo. Usiniandikie utakuja lini. Niandikie tu umekula nini.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimekula mkate na chai. Mkate ulikuwa wa jana. Niliula nimesimama, kwa sababu juu ya kiti kuna nguo. Jana nilikula wali, nikauunguza chini.

Sijui niendelee na nini. Kesho nitaandika tena.

Mdogo wako